Shekhar Mehta, mtoto wa Uganda aliyeshinda Safari Rally mara tano kwa kujua kukanyaga gazi

Mwezi wa 4 mwaka wa 1973, mashindano ya motokari yaliyoogopwa kuliko yote katika Afrika Mashariki yalimalizika na jambo la nadra. Baada ya siku nyingi za vumbi, mawe na matope, mashofere wawili walifika mwisho wakiwa na hesabu sawa sawa ya makosa. Wote wawili walikuwa katika motokari za kampuni moja, Datsun ya Japani. Mmoja aliitwa Harry Källström, mtu wa Sweden, shofere mwenye jina kubwa Ulaya. Mwingine alikuwa kijana wa miaka 27 aliyezaliwa Uganda, ambaye miezi michache tu mbele yake familia yake ilikuwa imefukuzwa katika inchi ile. Waamuzi walifungua vitabu vyao na kutazama nani alikuwa amekwenda mbali zaidi bila kupoteza dakika. Alikuwa ni yule kijana, Shekhar Mehta. Akapewa ushindi.

Wasomaji wetu wa Butembo na Beni wanaoendesha kamio, minibisi au pick-up kati ya miji yetu na Kasindi huenda hawajasikia jina hilo, au walilisikia kwa wazee waliokuwa wakinunua motokari Kampala na Nairobi. Lakini kazi iliyompa jina Mehta wanaijua vizuri sana. Ni kazi ya kupitisha motokari inayosukumwa na magurudumu ya nyuma katika njia ambayo mvua imeigeuza kuwa sabuni.

Shekhar Mehta alizaliwa tarehe 20 Juni 1945 kule Uganda, katika familia yenye asili ya India na yenye mali ya mashamba. Jina la Mehta, kwa Waganda wa wakati ule na hata wa leo, linakwenda pamoja na sukari ya Lugazi, pale katika barabara ya Kampala na Jinja. Kwa hiyo hakuwa mtoto wa maskini aliyejifunza kuendesha kwa kuosha motokari za wengine. Motokari ilikuwa karibu naye, na pesa ya mafuta pia. Alianza mashindano akiwa na miaka 21, akiendesha BMW. Lakini utajiri haumpitishi mtu katika matope ya Aprili. Vijana wengi wenye pesa waliingia katika Safari zamani hizo, na wengi wao waliishia katika mifereji siku ya kwanza.

Safari yenyewe ilikuwa imeanza mwaka wa 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Uingereza. Ilizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, wakati wa Pasaka, ambao ni wakati wa mvua. Hakuna barabara iliyofungwa. Mashofere walipita katika njia za kila siku, pamoja na mabisi, ng'ombe, baiskeli na watoto wanaotoka shuleni. Miaka mingine njia ilipita kilometa 5 000. Kila mahali palikuwa na kituo cha saa, na kila dakika ya kuchelewa iliandikwa kama kosa. Mwisho wa yote, mwenye makosa kidogo ndiye mshindi. Ukikwama nusu saa katika shimo moja la matope, mambo yako yamekwisha, hata kama una motokari yenye mbio kuliko zote. Ndiyo maana picha za zamani za Safari zinaonyesha mara nyingi wanavijiji wamesimama katika matope hadi magoti, wakisukuma motokari ya mzungu, wakisubiri chochote mfukoni mwake. Vijana wetu wenye majembe kandokando ya njia, wakati wa mvua, wangeijua kazi ile mara moja.

Mwaka wa 1971 Mehta alimaliza wa pili, nyuma ya Edgar Herrmann. Wote wawili waliendesha Datsun 240Z, motokari ya chini, yenye moteri ya silinda 6 na lita 2,4, na nguvu yote ikienda katika magurudumu mawili ya nyuma. Kwa wakati ule ilikuwa motokari kali. Kila mtu aliona sasa kwamba kijana huyu wa Uganda angeweza kushinda.

Halafu siasa ikaingia. Mwezi wa 8 mwaka wa 1972, Jenerali Idi Amin alitangaza kwamba watu wenye asili ya Asia wapaswa kutoka Uganda katika siku 90. Maelfu kwa maelfu ya watu waliacha nyumba, maduka, viwanda na mashamba, wakaondoka na mizigo michache. Familia ya Mehta nayo ilikimbilia Kenya. Wazee wetu wa Kivu hawahitaji kuelezewa sana hali hiyo, kwa sababu mwaka mmoja tu baadaye, mwezi wa 11 mwaka wa 1973, Rais Mobutu alitangaza zairianizasio, na wageni wengi waliokuwa na mashamba na maduka katika inchi yetu waliona mali yao ikipewa wengine.

Kwa hiyo yule aliyekaa nyuma ya volani Pasaka ya 1973 alikuwa mtu aliyetoka kupoteza inchi. Alikuwa na kopiloti Lofty Drews na ile Datsun 240Z. Uganda, ambako alijifunza kuendesha, hakuweza tena kwenda. Tangu siku ile ya ushindi na kuendelea, Kenya ilimhesabu kuwa mtoto wake, na vitabu vya mashindano vinamwandika kama Mkenya. Ule ulikuwa pia mwaka wa kwanza wa ubingwa wa dunia wa rali, na Safari ilikuwa ndani yake.

Sasa tuseme juu ya ufundi wenyewe, kwa kuwa ndio unaomfanya Mehta awe mtu wa kusomwa na shofere wa hapa kwetu.

Motokari yenye nguvu inayosukumwa na magurudumu ya nyuma ina ugonjwa mmoja. Mpira wa gurudumu unashika udongo kwa kiasi fulani tu. Moteri ikituma nguvu kupita kiasi hicho, gurudumu linazunguka bure. Katika lami kavu kiasi hicho ni kikubwa, na shofere haoni shida. Katika udongo mwekundu uliolowa, kinashuka hadi karibu na sifuri. Hapo moteri kubwa haisaidii tena, inaharibu. Gurudumu linalozunguka bure linalainisha udongo chini yake, linachimba, na kwa dakika moja ponti ya nyuma inakaa juu ya matope. Na ikiwa jambo hilo linatokea katika kona, mkia wa motokari unatoka nje na kutaka kutangulia mbele ya pua.

Shofere asiyejua anafanya moja ya makosa mawili. La kwanza ni kuongeza gazi, akifikiri kwamba kelele ya moteri ni nguvu. La pili, ambalo linaua zaidi, ni kuachilia gazi ghafula na kukanyaga freni katikati ya kona. Unapokanyaga gazi, uzito wa motokari unarudi nyuma na kukandamiza magurudumu yanayosukuma. Unapoachilia ghafula, uzito unakimbilia mbele, nyuma inabaki nyepesi, na mkia unakwenda unakotaka. Dawa ni kupunguza gazi kidogo, si kuikata. Mguu unarudi juu kwa upole hadi unaposikia mipira imeshika tena. Wakati huohuo volani inageuzwa upande ambako mkia unakimbilia, na macho yanatazama njia unakotaka kupita, si mfereji unaouogopa. Mikono inafuata macho, hata kwa shofere mzee.

Kuna pia jambo la vitesi. Katika matope, kuanza na vitesi ya kwanza kunatuma nguvu nyingi mno katika gurudumu. Vitesi ya pili, na ambreyaje inayoachiliwa polepole, inapeleka nguvu laini zaidi. Mashofere wa Safari walijua kwamba mlima wa utelezi hauchukuliwi kwa kusukuma ukiwa ndani yake. Unachukuliwa kwa mwendo ulioleta kutoka chini, na ukifika katikati unaulinda tu, bila kuongeza. Wale waliofika chini ya mlima polepole kwa woga, kisha wakakanyaga gazi katikati, ndio waliokuwa wanasukumwa na wanakijiji.

Mehta alijulikana kwa hesabu yake. Hakuwa mtu wa kuendesha kilometa 5 000 kama kilometa 50. Aliacha wengine wavunje motokari zao siku ya kwanza, akatunza yake kwa ajili ya siku ya mwisho. Gurudumu linalozunguka bure halipotezi muda peke yake: linakula mpira, linachosha diferansieli, linapasha moto moteri, na likishika ghafula juu ya jiwe linaweza kuvunja shafti. Katika mashindano ya siku kadhaa, mguu mwepesi ni akiba. Watu wengine wa wakati wake walikuwa na mbio kuliko yeye kwa kilometa moja moja. Nadhani hata yeye hakubishana nalo.

Ushahidi mkubwa ulikuja mwaka wa 1979. Mercedes-Benz ya Ujerumani ilileta Safari motokari kubwa, 450 SLC, yenye silinda 8 na moteri ya lita 5, vitesi otomatiki, na nguvu zote nyuma. Kwa uso ilikuwa kama kamio mbele ya mbuzi. Mehta alikuwa sasa na Datsun 160J, motokari ndogo ya familia iliyotengenezwa kwa ajili ya rali, yenye ponti ngumu nyuma, na kopiloti Mike Doughty. Hannu Mikkola wa Finland, mmoja wa mashofere wakali wa dunia na mshindi wa Safari ya 1972, alikuwa katika Mercedes. Mwisho wa njia, Datsun ilikuwa ya kwanza na Mercedes ya pili. Safari haipotei kwa sababu moja, na Mercedes haikushindwa kwa ajili ya utelezi peke yake. Lakini watu wengi walianza siku ile kuuliza swali zuri: ni nguvu kiasi gani ya moteri inayofika kweli katika udongo?

Swali hilo ni la kila siku hapa. Minibisi za Hiace zinazobeba abiria kati ya Butembo na Beni zinasukumwa nyuma. Kamio nyingi zinazotoka Kasindi na saruji, mafuta na vitambaa zinasukumwa nyuma. Motokari nyingi zilizopita kwa meli hadi Mombasa, kisha Nairobi na Kampala, zinatufikia na volani upande wa kuume, na shofere wetu anaendesha upande wa kuume wa njia, akishindwa kuona vizuri anayekuja mbele. Mwongezee mvua ya mwezi wa 10 juu ya milima ya Lubero, na usiku katika njia ambamo kukwama si jambo la kupoteza muda tu, bali la kuogopa maisha. Mwezi wa 6 mwaka wa 2021 Rais Tshisekedi na Rais Museveni walizindua pale mpakani kazi za barabara ya Kasindi hadi Beni, kilometa 80, na ya Beni hadi Butembo, kilometa 54. Lakini lami haimalizi udongo wote. Njia za kuingia vijijini, kwenye kahawa, kakao na mbao, zinabaki udongo.

Mafundi wetu wanajua kwamba katika motokari ya kawaida diferansieli inapeleka nguvu kwa gurudumu ambalo halina upinzani. Gurudumu la kushoto likiwa katika matope na la kuume juu ya udongo mgumu, lile la matope ndilo linazunguka na lile lingine linasimama bure. Motokari za rali zilikuwa na diferansieli inayozuia jambo hilo. Shofere asiyekuwa nayo anaweza kuvuta freni ya mkono kidogo sana, kwa upole, wakati anakanyaga gazi polepole: gurudumu linalozunguka bure linapata upinzani, na nguvu inapita kwa ndugu yake. Haifai kufanywa kwa muda mrefu, freni zinapata moto. Wengine wanapakia magunia juu ya ponti ya nyuma, na hilo nalo linasaidia, mradi uzito ukae mbele kidogo ya mkia na usiwe wa kupita kiasi. Pick-up tupu ndiyo hatari zaidi ya zote: mbele ina moteri, nyuma haina kitu.

Na kuna jambo ambalo vijana wanasahau. Ugonjwa huu unakuja pia katika kushuka. Ukishuka mlima wa utelezi na kuingiza vitesi ya chini kwa ghafula, moteri inazuia magurudumu ya nyuma peke yake, yanateleza kama yamekamatwa na freni, na mkia unatangulia. Vitesi ya kushukia inachaguliwa juu, kabla ya mteremko, wakati mipira bado inashika. Motokari mpya za leo zina kompyuta inayopunguza nguvu yenyewe wakati gurudumu linapozunguka bure, na taa ndogo ya njano inawaka mbele ya shofere. Ni msaada mkubwa katika lami yenye maji. Katika matope mazito inaweza kukata nguvu kiasi kwamba motokari inasimama katikati ya mlima, na kwa hiyo nyingi zina kitufe cha kuizima. Mehta hakuwa na taa wala kitufe. Alikuwa na mguu.

Baada ya 1979 alishinda tena 1980, tena 1981, tena 1982, mara zote na Doughty kando yake na mara zote katika motokari ndogo za Datsun, ambazo mwishoni ziliitwa Nissan Violet. Mara nne mfululizo. Mwaka wa 1981 alimaliza wa tano katika ubingwa wa dunia wa mashofere, jambo kubwa kwa mtu wa Afrika katika mchezo uliotawaliwa na watu wa Ulaya. Mwaka wa 1982 aliyefika nyuma yake alikuwa Walter Röhrl, Mjerumani ambaye mwaka uleule alikuwa bingwa wa dunia. Katika Safari ya ubingwa wa dunia hakuna mwingine aliyeshinda mara tano.

Mke wake, Yvonne, hakukaa nyumbani kusubiri habari katika redio. Alikuwa yeye mwenyewe mtu wa rali, na mara kadhaa aliketi kando ya mume wake kama kopiloti. Jambo hilo halikuwa la kawaida wakati ule, na si kila ndoa ingeweza kuvumilia mmoja akisoma njia na mwingine akiendesha.

Lakini dunia ya motokari ilikuwa inabadilika. Tangu 1981 Audi ya Ujerumani ilikuwa imeingiza katika rali motokari yenye moteri ya nguvu kubwa inayosukuma magurudumu yote manne, Quattro. Katika theluji na udongo wa Ulaya ilianza kushinda karibu kila mahali. Kila mtu alisema kwamba motokari ya kusukuma nyuma imekufa. Safari haikukubali upesi. Mwaka wa 1983 Ari Vatanen alishinda na Opel inayosukuma nyuma, Mikkola akiwa wa pili katika Audi. Miaka ya 1984, 1985 na 1986 ushindi ulikwenda kwa Toyota Celica, nazo za kusukuma nyuma. Ni mwaka wa 1987 tu ambapo Mikkola alishinda katika Audi, na motokari ya magurudumu manne ikafika mbele Nairobi kwa mara ya kwanza katika ubingwa wa dunia. Tangu 1973 hadi 1986, washindi wote wa Safari walikuwa wameendesha motokari za kusukuma nyuma.

Mehta mwenyewe hakuwa mtu wa kung'ang'ania ya zamani. Aliendesha pia Peugeot 205 Turbo 16, motokari ndogo yenye nguvu ya kutisha katika magurudumu manne. Miaka ile mashindano ya jangwa yalikuwa yamepata jina kubwa, na mashofere wa Safari, waliozoea umbali mrefu na joto, waliitwa huko. Mwaka wa 1987, katika Rali ya Mafarao kule Misri, alipata ajali mbaya. Aliumia vibaya sana, na maisha yake ya kuendesha mashindano yakakoma. Mchanga hauna kona zinazoonekana wala kilometa zinazojulikana kama za Kenya, ambako alijua hata mti ulioanguka mwaka uliopita.

Hakuacha mchezo. Aliingia katika kazi ya ofisi, katika shirikisho la dunia la mchezo wa motokari, FIA, na akafika kuongoza tume ya rali. Mtoto aliyefukuzwa Uganda akawa sasa mmoja wa wale wanaoamua wapi dunia nzima itashindana na kwa sheria gani. Shekhar Mehta alifariki London tarehe 12 Aprili 2006, akiwa na miaka 60.

Wakati huo Safari ilikuwa tayari imetolewa katika ubingwa wa dunia, baada ya mashindano ya 2002. Ilirudi mwaka wa 2021, katika eneo la Naivasha, na njia fupi, zilizofungwa, ambamo hakuna ng'ombe wala bisi ya abiria. Motokari zote zilizopigania ushindi zilisukumwa na magurudumu manne.